Simu ya Abukar na Sheria Tatu za Barabara

Jumatatu, 3 Machi 2003

Siku kubwa. Abukar anataka dereva wa kudumu. Mmoja tu.

Abukar ni mfanyabiashara wa mbuzi, ana stoo nyuma ya msikiti hapa Machakos mjini. Pikapu yake hupakia mbuzi Kola, hupita katikati ya mji, kisha huteremka kwa njia ya Lukenya mpaka kichinjio cha Athi River. Njia hiyo naijua hata nikifumba macho. Kilonzo anasema ndivyo ninavyoiendesha siku zote. Huyo Kilonzo ndiye mshindani wangu. Hana mke, hana mtoto, hana wasiwasi. Hupaka viatu rangi hata kama anakwenda kubeba mbuzi. Simpendi.

Jaribio ni hivi. Mimi naendesha Jumanne na Alhamisi, Kilonzo Jumatano na Ijumaa. Jumamosi Abukar atatoa jibu. Na hatatazama mwendo wala breki. Atatazama simu! Amenunua simu ya mkono, nyeusi, nzito, itakayokaa na dereva njia nzima. Alituambia, "Mimi nataka mtu simu ikilia anashika. Ikilia mara tatu hajashika, mimi najua mbuzi imekufa."

Nikikosa kazi hii nimekwisha. Wavinya, mke wangu, ameshaongea na kaka yake mwenye machimbo ya mawe Lukenya. Jumatatu ijayo ama niko kwenye usukani wa Abukar, ama niko juani na nyundo. Mikono hii haikuumbwa kwa nyundo.

Kuna tatizo dogo. Baraza la mji limebandika sheria mpya ubaoni. Dereva haruhusiwi kuwa na simu, gazeti, chakula wala kitu kingine mkononi gari likitembea. Ukikamatwa, gari linafungiwa kwenye yadi yao. Kilonzo aliisoma akakunja uso. Mimi niliisoma mara tatu, nikafurahi. Sheria hiyo ni ya mji tu. Ukishapita kibao cha mwisho wa mji uko mikononi mwa baraza la mashambani, na hao hawana habari na simu. Huko hata ukinyoa ndevu ukiendesha ni shauri yako. Halafu ukikaribia Athi River unaingia kwa baraza la tatu, na hilo limekataza jambo moja, kutafuna ndani ya gari. Basi. Simu hawajaitaja kabisa.

Barabara moja, sheria tatu! Machakos nzima ni mimi peke yangu ninayezijua zote. Kilonzo ataingia kwenye mtego kesho kutwa kama panya.

Na jambo lingine. Sheria ya mji inasema mkononi. Kichwani hawajasema.

Jumanne, 4 Machi

Nimeng'olewa jino.

Nieleze kwa utaratibu. Asubuhi niliweka simu sikioni nikaifunga na leso ya Wavinya, kutoka kidevuni mpaka utosini, fundo juu. Mikono yote miwili kwenye usukani. Nilipakia mbuzi ishirini na wawili pale Kola. Abukar alipiga mara nne kabla ya kibao cha mji na mara zote nilijibu mlio wa kwanza, maana kidole kilikuwa huru kubonyeza na huku ni mashambani. Nilijiona mtu wa maana sana.

Kwenye kibao alikuwa Kamanthe, askari wa baraza. Mwanamke mrefu, mpole, macho yake hayapitwi na kitu. Alinisimamisha. Nilikuwa tayari kumsomea sheria. Lakini aliitazama leso, akashika shavu lake mwenyewe, akasema, "Pole sana. Jino?"

Ningesema nini? Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Akasema mtu mwenye jino bovu hawezi kuweka akili barabarani, na sheria mpya shabaha yake ni hiyohiyo, akili ya dereva. Akapanda kando yangu. Akanielekeza moja kwa moja hadi zahanati, akazungumza na daktari wa meno ambaye ni binamu yake, nikapelekwa mbele ya foleni. Niliwahi tu kuchomoa simu na kuitia mfukoni. Daktari aliuliza ni lipi. Nikaonyesha lolote. Alisema linaonekana zima. Kamanthe, aliyesimama mlangoni, alisema maumivu mengine hayaonekani.

Simu ililia nikiwa na koleo mdomoni. Ililia mara kumi na moja. Nilizihesabu zote.

Nilifika Athi River saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi. Abukar aliponipata alikuwa ameshamwambia mkewe Maryan kwamba pikapu imepinduka. Nilijitetea, lakini kwa mdomo uliokufa ganzi hakuelewa hata neno. Alisema sasa hata nikishika sifai.

Wavinya amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Lilikuwa jino langu zuri kuliko yote.

Jumatano, 5 Machi

Zamu ya Kilonzo. Nilimwombea mabaya asubuhi, Mungu anisamehe.

Jioni nikapata habari zake kwa Maryan, nilipokwenda stoo kuomba msamaha. Je, Kilonzo alifanyaje? Simu ikilia, anasimamisha gari kando ya barabara, anashika, anaongea, anaendelea. Hiyo tu! Hakuna akili yoyote hapo. Hata mtoto angeweza kufikiria hilo. Nimesikitika kwa niaba ya taaluma yetu.

Lakini ngoja. Abukar humpigia dereva kila anaposhikwa na wasiwasi, na wasiwasi wake hauna likizo. Kilonzo alisimama mara ishirini na sita. Mbuzi walidhani wamefika kila mara, wakawa wanaruka nje. Alifika saa tisa. Saa moja nyuma yangu, nami nilipitia kwa daktari! Abukar ameudhika naye vilevile. Tuko sawasawa.

Nilirudi kwenye ubao wa baraza nikaisoma tena ile sheria, polepole, kwa kidole. Dereva, dereva, dereva. Abiria hakutajwa popote. Abiria anaweza kuongea na simu mpaka betri iishe. Kumbe dawa ni mtu wa kuongea kwa niaba yangu. Nilikimbia nyumbani.

Wavinya alikataa. Ana cherehani yake na sare za kwaya za kushona kabla ya Jumapili. Akaongeza bila kuinua macho kwamba mama yake hana kazi kesho.

Nilidhani anatania. Mama mkwe! Syombua mwenyewe! Kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake wana nthoni, heshima yenye haya ndani yake. Hamketi kiti kimoja. Humtazami usoni. Humwambii neno moja kwa moja, unapitisha kwa mtu wa katikati. Ukikutana naye kwenye kijia unaingia majanini apite. Wavinya anasema siku hizi watu wengi wameacha. Ni kweli wameacha. Mama yake hajaacha. Na kiti cha mbele cha ile pikapu ni kifupi, watu wawili wakikaa mabega yanagusana.

Nikawaza nyundo. Nikawaza jua la Lukenya.

Nimempelekea salamu kupitia kwa Wavinya. Jibu limerudi kwamba atakuja, ila atakaa nyuma.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui niiite siku gani hii.

Saa kumi na mbili na nusu Syombua alikuwa Kola na mwavuli, kitambaa cheupe na rozari. Nilimfungia kiti cha plastiki nyuma kwa kamba, katikati ya mbuzi ishirini na wawili, mgongo wake ukiegemea kibini, chumba cha dereva. Kile kidirisha cha nyuma nilikiacha wazi. Nikaiweka simu kidirishani, nikatazama pembeni, naye akaichukua akitazama pembeni. Heshima imetimia.

Kisha ikanijia shida moja. Abukar akiuliza tumefika wapi, nitamjulisha vipi mama? Mtu wa katikati hayupo. Simu ikalia. Mlio wa kwanza tu, akashika! Nikasikia ameuliza, "Ati tuko wapi?" na kunyamaza, akingoja. Mbuzi mmoja mwenye sikio jeupe alikuwa ametia kichwa kidirishani. Nikamwambia mbuzi, "Mwambie mama tuko karibu na kanisa."

Syombua akamshukuru mbuzi, akamweleza Abukar.

Tukaenda hivyo. Mbuzi yule alifanya kazi safi, sijawahi kuona mpatanishi asiyeongeza chumvi kama yeye. Lakini simu zenyewe! Abukar alizoea kuuliza maneno mawili na kukata. Syombua hakati. Alimuuliza hali yake, hali ya Maryan, ya watoto mmoja mmoja kwa majina. Akamuuliza mama yake mzazi yuko wapi na anaendeleaje na miguu. Nikasikia sauti ya Abukar ikiongea, ikiongea, imelegea kabisa. Baada ya hapo hakupiga tena kwa nusu saa. Mtu huyo alikuwa hana wasiwasi wa mbuzi! Alikuwa na hamu ya kuulizwa hali tu. Mimi Jumanne nilimjibu "tuko salama" tu, mara zote nne.

Kwenye kibao Kamanthe alitusimamisha. Aliuliza jino. Nikasema linaendelea vizuri huko liliko. Alitazama mikono yangu kwenye usukani. Safi. Alitazama nyuma, akaona mama wa watu na simu na mwavuli. Akamwamkia kwa heshima. Akarudi kwangu akasema ameniona kwa mbali nikiongea na mbuzi. Nikamsomea sheria yote kwa kichwa na kumwomba anionyeshe mbuzi yuko kifungu gani. Alifikiri sana. Akasema atauliza ofisini.

Mji tuliupita kama maharusi. Watu walitupungia mikono. Syombua aliwapungia mwavuli.

Baada ya mji njaa ikaniuma. Lukenya ni mashambani, sheria hakuna, nikanunua hindi la kuchoma kando ya barabara. Nilikuwa na furaha nyingi na meno machache, kwa hiyo nilikwenda nalo polepole. Nikasahau kibao cha Athi River! Mimi! Ninayezijua zote tatu!

Askari wa pale, kijana anaitwa Muindi, alinikuta shavu limejaa. Badala ya kunyamaza na kumeza, nikaamua kujitetea. Nilimwambia sheria yao inasema kutafuna ndani ya gari, haikusema nani, na kama ni hivyo atazame nyuma, mbuzi ishirini na wawili wanacheua mbele ya macho yake na hajawaandika. Ilikuwa hoja nzito. Muindi aliipima. Akasema niko sawa kabisa. Akatoa kitabu, akatuandika wote, ishirini na watatu, na kuamuru gari yadini.

Nilikaa kwenye usukani nikaona nyundo waziwazi.

Hapo nikasikia sauti kutoka nyuma. Syombua alikuwa anamuuliza Muindi ni wa wapi. Mitaboni, akasema kijana. Wa nyumba gani? Akataja. Nyanya yake ni nani? Akataja, sauti ikishuka. Syombua akasema yeye na nyanya huyo walichota maji kisima kimoja wakiwa wasichana, na je, anajua kwamba mjukuu wake anamzuia mama mzee juani pamoja na mifugo? Kijana alivua kofia. Wakati huohuo simu ililia, mama akamwambia Abukar tumepumzika kidogo na mwanetu Muindi. Mnunuzi wa kichinjio aliyekuwa akipita akasimama kutazama. Syombua, akiwa bado kwenye kiti chake, akamuuzia mbuzi wote palepale kibaoni, akimsikilizisha Abukar kila neno la bei. Nilisikia Abukar akicheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Muindi alipasua ule ukurasa. Sharti lake lilikuwa moja, dereva amalize kutafuna nje ya mpaka. Nilisimama upande wa pili wa kibao na hindi langu. Lilichukua dakika kumi na tano. Mama, askari, mnunuzi na mbuzi wote walingoja.

Hata hivyo, ushindi! Kazi ni yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Msaliti. Wasaliti wawili.

Kilonzo alikwenda kwa Syombua alfajiri na kilo mbili za sukari, akamwomba amsindikize. Akakubali! Nilimuuliza Wavinya inawezekanaje. Akasema mama amefurahia simu, na tena Kilonzo si mkwe, kwa hiyo anaweza kukaa mbele kwenye kiti chenye sponji.

Nilijificha kwenye ua wa mkonge karibu na kibao nione. Wakapita. Syombua mbele, kioo kimeshushwa, simu sikioni. Kilonzo anaongea. Anaongea tu, mkono mmoja hewani, kama anayemsimulia mtu habari za maisha yake tangu kuzaliwa. Nikatoka uani nikamwambia Kamanthe awakamate. Akauliza kwa kosa gani. Nikasema yule dereva hana akili barabarani, ana maneno. Akajibu kwamba maneno na abiria hayajakatazwa, na ameshauliza ofisini, hata mbuzi hajakatazwa. Akasema ni mimi niliyewafungua macho. Akanishukuru.

Nimekuta nyundo mpya imeegemezwa mlangoni. Kaka yake Wavinya ameituma mapema.

Jumamosi, 8 Machi

Stoo ya Abukar, saa tatu. Maryan alitupatia chai ya maziwa na mahamri. Kilonzo viatu vinang'aa. Mimi nimekaa karibu na mlango. Syombua kwenye zulia, mgongo kwangu, kama inavyofaa.

Abukar alisema amefikiri wiki nzima na amepata mtu wa kudumu. Ni mama.

Kilonzo aliuliza mama gani. Abukar akamwonyesha Syombua. Huyo ndiye atakayetembea na mbuzi wake, simu yake na bei zake. Alisema, "Mimi nilitafuta mtu wa kushika simu. Kumbe simu haina shida. Shida ni mtu wa kuongea nayo." Na dereva, akasema, mama atajichagulia mwenyewe kati yetu wawili.

Kilonzo akaanza kueleza safari ya jana ilivyokuwa tamu. Nikajua nimeshindwa. Sukari kilo mbili. Kiti cha sponji. Mimi nilimkalisha na mbuzi, kisha nikamwaibisha kwa hindi. Nilitazama mikono yangu nikaiaga.

Syombua hakunitazama, wala hakunena nami. Alimgeukia Maryan, akamwomba amwambie Abukar kwamba anamtaka mume wa Wavinya.

Abukar mwenyewe alishangaa. Akauliza kwa nini, na Kilonzo ni mwepesi zaidi. Syombua akamwambia Maryan kwamba huyo kijana ni mwema, lakini ameongea kutoka Kola mpaka Athi River bila kumeza mate, na simu mbili zilimpita kwa sababu yake. Yeye anataka kufanya kazi. Anataka dereva ambaye hata aambiwe nini hawezi kumjibu.

Nilitaka kusema asante. Nikakumbuka siwezi. Nikamwambia Maryan. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyaandika.

Kubaki nyuma na mbuzi Abukar alikataa, mama mzima si mzigo. Maryan ndiye aliyepata dawa. Aliingia ndani akatoka na pazia la maua mekundu. Litaning'inia katikati ya kibini, yeye upande wake, mimi wangu. Syombua alikishika kitambaa chake akakisifu. Kilonzo mwenyewe alisaidia kupima, kisha akanipa mkono. Labda si mbaya sana, ila viatu.

Wavinya amerudisha nyundo kwa kaka yake. Amepika kuku. Nimekula upande wa kulia.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani asubuhi. Kwaya ilipendeza katika sare za Wavinya. Mchana nilikwenda kufunga pazia na Abukar. Limekaa vizuri, zito, kutoka juu mpaka kwenye gia. Kesho tunaanza kazi.

Abukar ameniusia jambo moja. Wewe endesha tu, Musili. Mikono miwili, macho mbele. Nimemwambia ndiyo, kwa moyo wangu wote.

Lakini nilipokuwa nimekaa pale peke yangu kujaribu kiti, nimegundua kitu. Ukiwa upande wa abiria humwoni dereva hata kidogo. Askari akisimama upande wa kushoto, hali kadhalika, anaona maua mekundu tu. Nimetoka nikazunguka gari mara mbili kuhakikisha. Kisha nikapita kwenye ubao wa baraza. Nimesoma mstari kwa mstari. Pazia halijatajwa! Mashambani, bila shaka halijatajwa. Athi River nitauliza kwa ujanja, ila nina hakika.

Mtu mwenye nafasi ya siri kama hiyo, kilomita zote hizo, siku sita kwa wiki, anaweza kufanya mambo makubwa. Kilonzo ana binamu anayeuza simu zilizotumika. Anaweza kuniletea moja kesho asubuhi, na nitakuwa nawapigia wenye mbuzi wa Kola mwenyewe, kwa sauti ya chini, nipatane nao bei yangu kabla mama hajawafikia. Mkono mmoja unatosha kabisa kwa usukani.

Wavinya ameuliza ninaandika nini huku natabasamu hivyo. Nimemwambia ni sala ya shukrani.